Vijana wa Gibeoni: Mchezo Uliogeuka Vita

Somo: 2 Samweli 2:12-28

Kabla ya kuendelea, fungua Biblia yako mahali palipoandikwa hapo juu, usome mistari hiyo polepole. Somo la juma hili linatoka hapo, na bila kulisoma utaona tunaongea habari za mpira bure.

Wazazi wengi wa makanisa yetu hapa Bunia wanauliza swali moja: kijana aliyeokoka anaweza kuingia katika timu ya mpira? Wengine wanasema mpira ni mchezo tu, hauna neno. Wengine wanasema ni mlango wa shetani, kwa sababu wameona kamari, pombe, dawa za waganga na ngumi. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini swali lenyewe liko chini zaidi. Kijana hafuati mpira peke yake. Anafuata wenzake. Anatafuta watu kumi wa kusimama naye, watakaomtetea akianguka na kuliita jina lake akifunga bao. Kiu hiyo ya undugu ni ya zamani kuliko mpira. Ndiyo iliyowafunga pamoja askari wa kale, na ndiyo inayowafunga vijana wetu leo, wengine uwanjani na wengine porini wenye silaha.

Basi tuulize historia: undugu wa timu na undugu wa vita vinafanana wapi, na vinaachana wapi?

Kumi na wawili kwa kumi na wawili

Sauli amekwisha kufa. Daudi anatawala Hebroni, na Ishboshethi mwana wa Sauli anatawala upande mwingine. Ni taifa moja, Mungu mmoja, mababu wamoja, lakini nyumba mbili. Abneri, mkuu wa jeshi la Ishboshethi, anafika Gibeoni. Yoabu, mkuu wa watu wa Daudi, anafika pia. Wanakaa kando ya birika la maji, hawa upande huu na hawa upande ule.

Birika lenyewe si hadithi. Wachimbaji wa mambo ya kale walianza kazi mwaka 1956 katika kijiji cha el-Jib, kaskazini ya Yerusalemu, wakakuta shimo kubwa la mviringo lililochongwa ndani ya mwamba. Upana wake ni karibu mita 12, kina chake karibu mita 11, na ngazi 79 zinashuka mpaka kwenye maji. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ndilo birika lililotajwa katika Biblia.

Hapo Abneri alitoa shauri: vijana wasimame wacheze mbele ya wakubwa wao. Angalia neno alilotumia. Hakuita vita, aliita mchezo. Yoabu akakubali. Wakahesabiwa 12 wa upande huu na 12 wa upande ule, hesabu sawasawa kama timu mbili, na watazamaji wamekaa pande mbili. Lakini mchezo huo haukuwa na mstari wala mwamuzi, na kila mchezaji alikuwa na upanga mkononi. Kila mmoja akamshika mwenzake kichwa, akamchoma ubavuni. Wote 24 wakaanguka pamoja.

Hapakuwa na mshindi. Na kwa sababu hapakuwa na mshindi, watazamaji wakainuka, vita vikawaka siku nzima. Asaheli, ndugu ya Yoabu, kijana mwenye mbio kama paa, akamfuatia Abneri. Abneri alimwonya mara mbili aache, naye hakuacha. Akauawa. Jioni, Abneri akasimama juu ya kilima akamwuliza Yoabu kama vita hivi vya ndugu kwa ndugu havitakuwa na mwisho. Ndipo Yoabu akapiga tarumbeta, na watu wakasimama. Hesabu ya siku ile: watu 20 wa Daudi, na 360 wa Abneri.

Tarumbeta ilikuwepo tangu asubuhi. Ilikuwa mikononi mwa Yoabu wakati vijana 24 wanainuka. Aliipiga watu karibu 400 wakiwa wamekwisha kufa, na ndugu yake mwenyewe akiwa ndani ya hesabu. Tunapoangalia mifano mingine ya historia, tushike maneno mawili kutoka Gibeoni: mstari ambao haukuchorwa, na tarumbeta iliyochelewa.

Wacheza mpira wa Sparta

Katika Ugiriki ya kale palikuwa na mji ulioitwa Sparta. Huko mtoto mwanamume alitolewa kwa mama yake akiwa na miaka 7, akawekwa katika kundi la watoto wa umri wake. Walilala pamoja, walikula pamoja, walipigwa pamoja. Alipokuwa mtu mzima aliendelea kula meza moja na wenzake wa jeshi. Vitani walisimama bega kwa bega, na ngao ya kila mmoja ilimfunika pia mwenzake wa kushoto. Kwa sababu hiyo, kwao kupoteza kofia ya chuma lilikuwa jambo dogo, lakini kutupa ngao ilikuwa aibu kubwa. Kofia inakulinda wewe, ngao inamlinda jirani.

Katika miji mingine ya Wagiriki michezo mikubwa ilikuwa ya mtu mmoja mmoja: mbio, mieleka, ngumi. Kule Olimpia hapakuwa na mashindano ya timu. Lakini Sparta walikuwa na mchezo wa mpira wa timu, na vijana waliokuwa wanavuka kutoka ujana kuingia utu uzima waliitwa kwa jina hilo hilo, wacheza mpira. Mawe yaliyoandikwa majina ya timu zilizoshinda yameonekana mpaka leo. Kwao, kucheza mpira pamoja ilikuwa njia ya kuingia katika undugu wa askari.

Walikuwa pia na shindano lingine, katika kisiwa kidogo kilichozungukwa na maji, chenye madaraja mawili. Timu mbili za vijana ziliingia, kila moja kwa daraja lake, zikapigana kwa mikono, mateke na meno, mpaka upande mmoja uwasukume wengine majini. Usiku uliotangulia, kila timu ilichinja mtoto wa mbwa kwa mungu wao wa vita, ili ipate nguvu. Msomaji wa Bunia anajua tunaongea nini. Leo wako wanaoita mganga usiku kabla ya mchezo, wanazika kitu golini, wanapaka wachezaji dawa. Wanadhani ni desturi ya juzi, lakini Wasparta waliitenda miaka elfu mbili iliyopita, nao walikuwa wanatafuta nguvu za vita.

Tusiwasifu bila kusema upande wa pili. Undugu wa Sparta uliishi juu ya mgongo wa watu wengine, watumwa walioitwa Heloti waliolima mashamba ili askari wapate kula. Waandishi wa kale wanasema wakuu wa Sparta walitangaza vita juu ya Heloti kila mwaka, ili anayemwua Heloti asihesabiwe kuwa na hatia, na vijana waliochaguliwa walitumwa usiku kuwaua. Ndani ya kundi palikuwa na upendo mkubwa, na nje ya kundi mtu hakuwa mtu. Mwaka 371 kabla ya Kristo Wasparta walishindwa vita kule Leuktra, na mji wao haukupata tena nguvu ya zamani.

Undugu wa kwetu

Mambo haya si ya Wagiriki peke yao. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika ufalme wa Bunyoro, Mukama Kabalega aliyetawala tangu 1870 aliunda vikosi vilivyoitwa abarusura. Aliwachukua vijana wa makabila mengi, hata wageni, akawaweka chini ya wakuu wao katika sehemu mbalimbali za ufalme. Walipigana kwa ushujaa juu ya Waingereza kwa miaka mingi. Lakini raia wa kawaida waliwaogopa pia, kwa sababu ya kunyang'anya mali. Kabalega alikamatwa mwaka 1899 akapelekwa mbali, katika visiwa vya Seychelles, na huko uhamishoni akabatizwa.

Na katika msitu wetu wa Ituri, upande wa Mambasa, palikuwa na desturi ya kutahiri vijana iliyoitwa nkumbi. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi Epulu katika miaka ya 1950, aliandika namna watoto wa vijiji vya Babira na watoto wa Bambuti walivyotahiriwa pamoja, wakakaa kambini pamoja, wakavumilia maumivu pamoja. Waliotoka humo waliitana kare. Kare ni ndugu yako hata kama si kabila lako, na deni hilo la kusaidiana linakaa maisha yote. Sisi watu wa Injili hatufuati mizimu iliyoitwa katika desturi hizo. Lakini tukubali kwamba wazee wa msitu walifahamu jambo moja ambalo sisi tunalisahau: ukitaka makabila mawili yaishi pamoja, anza na watoto wao, uwape kazi ngumu moja ya kuvumilia pamoja.

Mstari na firimbi

Mpira tunaoujua leo ulipata sheria zake London mwaka 1863. Tarehe 26 Oktoba mwaka ule wakuu wa klabu kadhaa walikutana kuandika sheria moja kwa wote. Mabishano makubwa yalihusu kumpiga mpinzani teke la mguu kwa makusudi. Wengine walisema hiyo ndiyo inayomfanya kijana kuwa mwanamume. Wengine walisema hapana. Walioitaka walishindwa, na klabu moja ikatoka ikaenda zake. Kwa hiyo mpira wa kisasa ulizaliwa siku watu walipokubaliana kupunguza vita ndani ya mchezo.

Wamisionari waliuleta Afrika pamoja na shule, kwa sababu waliona unafundisha utii na umoja. Timu iliyopata sifa kuliko zote katika inchi yetu, TP Mazembe, ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto kule Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges, jina la askari. Hata wao walijua kwamba timu ni mtoto wa jeshi. Timu hiyo imechukua ubingwa wa Afrika mara 5: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015.

Basi angalia kinachofanana. Timu ina kapiteni kama kikosi. Ina mavazi ya rangi moja, nyimbo, lugha yake ya ndani, mahali pa kila mmoja katika mstari. Mchezaji anavumilia maumivu kwa ajili ya wengine. Mtu mmoja akiacha mahali pake, wote wanaumia, kama ngao ya Sparta.

Sasa angalia kinachoachana. Kwanza, uwanja una mstari, na nje ya mstari hakuna vita. Pili, yuko mtu mwenye firimbi ambaye si wa upande huu wala ule, na akipiga, hata mwenye nguvu anasimama. Tatu, saa inaisha, na mpinzani anarudi kwa mama yake akiwa mzima, kwa sababu juma lijalo tunamhitaji tena. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyokosekana Gibeoni. Ondoa hayo matatu, na timu yoyote inaweza kurudi kuwa kikosi.

Mpira ukigeuzwa

Jambo hili limetokea karibu nasi. Neno Interahamwe linajulikana Kongo yote ya mashariki kwa machozi. Lakini wengi hawajui lilikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Kigali, chama kilichotawala kilitaka jeshi la vijana. Kilikwenda kuwatafuta wapi? Katika vikundi vya mpira na wapenzi wao. Moja ya klabu hizo iliitwa Loisirs, yaani mapumziko. Vijana walikuwa wamekwisha kuzoeana, kutii kapiteni, kuimba na kutembea pamoja. Jina lao lilikuwa na maana ya watu wanaoshambulia pamoja. Mwaka 1994, kwa muda wa siku 100 hivi, waliua pamoja na wengine watu ambao hesabu nyingi zinafika laki nane. Undugu wao haukuvunjika. Wenye mamlaka waliuondoa uwanjani, wakauelekeza kwa jirani.

Ulaya nako ni vilevile. Wapenzi wa timu ya Red Star ya Belgrade walikuwa watu wa nguvu uwanjani. Mwaka 1990 mtu aliyeitwa Željko Ražnatović, maarufu kwa jina la Arkan, alianza kuwaandika katika kundi lake la silaha. Mei 1991 timu ilichukua kombe la Ulaya. Kabla ya mwaka ule kwisha, watu waliokuwa wakiimba pamoja uwanjani walikuwa wanapigana Vukovar. Arkan alishitakiwa baadaye katika korti ya kimataifa, naye akauawa mwaka 2000 kabla ya kuhukumiwa.

Na Ituri yetu? Hatuna haja ya kutaja kundi wala kabila, kwa maana kila nyumba ina kaburi lake. Tuseme hili tu: tarehe 14 Machi 2012 Korti ya Kimataifa ya La Haye ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa tangu iundwe, na hukumu hiyo ilihusu Ituri. Ilikuwa juu ya watoto wenye chini ya miaka 15 walioingizwa jeshini na kutumiwa katika vita vya 2002 na 2003. Dunia nzima ilijifunza neno kadogo kutoka kwetu.

Watoto hao wengine walikamatwa kwa nguvu. Lakini wengine walikwenda kwa miguu yao. Walikuwa wamepoteza baba, shule imefungwa, kijiji kimechomwa, na kundi likawaambia: njoo, hapa utakula, utapata jina, utapata ndugu. Kundi liliwapa kile ambacho kila kijana anatafuta, halafu likadai bei. Hakuna mstari porini. Hakuna firimbi. Na anayetaka kutoka, ndugu wa jana anamgeuka.

Kanisa lina nini cha kumwambia kijana huyo? Tukimwambia tu aache, bila kumpa ndugu wengine, tunamrudisha jangwani peke yake.

Paulo aliweka askari na mchezaji pamoja

Mtume Paulo alijua michezo. Alikaa Korintho, na karibu na mji huo ilifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Washindi walivikwa taji la majani, nalo lilikauka. Soma 1 Wakorintho 9:24-27, utaona alivyolitumia taji hilo kufundisha.

Katika 2 Timotheo 2:3-6 anaweka watu watatu pamoja: askari, mchezaji na mkulima. Kwa mchezaji anakazia jambo moja, kwamba hapewi taji asipofuata sheria. Halitaji bao wala nguvu. Anataja sheria.

Na kwa Wafilipi anafanya jambo la ajabu zaidi. Filipi ulikuwa mji wa askari wastaafu wa Roma, waliopewa mashamba huko baada ya vita vya mwaka 42 kabla ya Kristo. Watu hao walijua undugu wa kambi. Paulo anawaandikia kwa maneno yao. Epafrodito anamwita askari mwenzake (2:25). Na katika 1:27, anapowataka washindane pamoja kwa ajili ya imani, neno la Kigiriki alilolitumia ni la michezo, limeunganishwa na neno linalosema pamoja. Anawataka wawe timu. Tena neno hilo hilo analirudia katika 4:2-3 kwa ajili ya mama wawili, Euodia na Sintike, walioshindana pamoja naye kwa ajili ya Injili. Mama hao walikuwa wamekosana. Paulo anawakumbusha kwamba walikuwa timu moja. Basi mama zetu wasiseme somo hili ni la vijana wanaume peke yao.

Paulo hakuua kiu ya undugu. Aliipa Bwana mwingine, sheria nyingine na adui mwingine. Katika Waefeso 6:12 anasema wazi kwamba adui wetu si mtu mwenye damu na nyama. Hilo ndilo linalotenga jeshi la Kristo na majeshi yote tuliyoyataja. Sparta ilimhitaji Heloti wa kumwua. Interahamwe walimhitaji jirani. Kanisa halimhitaji adui mwenye mwili ili liwe na umoja. Kanisa likianza kumhitaji, hata kama linaimba na kunena kwa lugha, limekwisha kuwa kundi kama mengine.

Daudi na watu wake

Daudi naye alikuwa na timu. Katika pango la Adulamu walimjia watu 400 hivi, wenye shida, wenye madeni, wenye uchungu moyoni (1 Samweli 22:2). Ni watu wa namna ile ile ambao makundi ya silaha yanawatafuta leo. Wakawa mashujaa. Siku moja watatu wao walipasua kambi ya Wafilisti kumletea maji ya Bethlehemu, kwa sababu tu walisikia ana hamu. Daudi hakuyanywa. Aliyamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani yake damu ya watu wake (2 Samweli 23:16-17). Kapiteni wa kweli anaogopa kunywa damu ya vijana wake. Ninyi wakubwa mnaowatuma watoto wa wengine mahali ambapo watoto wenu hawaendi, someni mistari hiyo.

Lakini mwisho wa orodha ya mashujaa hao liko jina la Uria Mhiti. Mgeni, mtu wa kabila lingine, ndani ya undugu wa mfalme. Tunajua Daudi alivyomtenda. Alibaki nyumbani wakati wenzake wako vitani, akachukua mke wa ndugu yake, kisha akaagiza wenzake wamwache peke yake mbele ya adui. Aliagiza ngao iondolewe. Hata undugu mzuri kuliko wote, bila hofu ya Mungu, unaweza kuuza ndugu.

Kuna picha nyingine, ya zamani zaidi. Yonathani, mwana wa mfalme, alivua vazi lake akampa Daudi, pamoja na silaha zake na mshipi wake (1 Samweli 18:3-4). Daudi angekuwa mpinzani wake wa kiti. Tunapoona wachezaji wa timu mbili wanabadilishana jezi mwisho wa mchezo, tukumbuke Yonathani.

Mwaka 2005 Côte d'Ivoire ilikuwa imegawanyika sehemu mbili kwa vita. Timu ya taifa iliposhinda nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, Didier Drogba na wenzake, wa kaskazini na wa kusini, walipiga magoti mbele ya kamera wakaomba watu waweke silaha chini. Mpira haukumaliza vita. Mapatano yalitiwa sahihi na wanasiasa Machi 2007. Lakini tarehe 3 Juni mwaka huo timu ilicheza Bouaké, mji uliokuwa wa waasi, na watu wa pande mbili walishangilia pamoja mabao 5. Wachezaji hao walitumia sauti yao kupiga tarumbeta mapema.

Tufanye nini

Wazazi, msiseme tu mpira ni dhambi. Ulizeni: ni nani anamwongoza mtoto wangu? Anafundisha nini mchezo ukiisha vibaya? Anaita mganga? Mtoto wangu akirudi, anamtaja mpinzani kwa jina lake au kwa jina la matusi ya kabila?

Waongozi wa vijana, anzisheni timu, lakini msizifanye za kabila moja wala mtaa mmoja. Mwana wa Mudzipela acheze upande mmoja na mwana wa Nyakasanza, na waliokimbia vita wakiishi katika kambi wasisahauliwe. Wale mababu wa msitu walijua siri ya kare. Sisi tulio na damu ya Yesu tutashindwa na watu wa nkumbi?

Vijana, kataeni dawa. Mwenye Roho Mtakatifu hatafuti nguvu iliyozikwa golini. Ni afadhali kushindwa ukiwa safi. Na mwamuzi akipiga firimbi, simama, hata kama unadhani amekosa. Aliyejizoeza kusimama kwa firimbi atajua kusimama siku atakapoitwa kuchoma nyumba ya jirani.

Na ninyi ndugu mliotoka porini, mkaweka silaha chini, mkaogopa kuingia kanisani kwa sababu ya macho ya watu: Apolo Kivebulaya, aliyeleta Injili Mboga mwaka 1896, alikuwa amebeba silaha katika vita vya Buganda alipokuwa kijana. Mboga alipigwa, akafungwa, naye hakurudisha kisasi. Alizipenda kabila za msitu mpaka kufa kwake mwaka 1933, akaomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu ambako kazi haijaisha. Mungu anajua kumtumia aliyekuwa askari.

Wazee na wachungaji, tarumbeta iko mikononi mwenu. Maneno mabaya yakianza kusemwa mtaani, msingoje jioni. Yoabu alingoja, akamzika Asaheli. Kisha hakusamehe, akamwua Abneri kwa hila kwenye lango la Hebroni, na damu ikaendelea. Pigeni asubuhi, vijana wakiwa bado wamekaa kando ya birika.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyewakusanya Mathayo mtoza ushuru na Simoni Zelote katika timu moja ya watu 12, wakusanye na watoto wa Ituri. Wape ndugu bila kuwapa adui. Wape waongozi sauti ya kusema basi, mapema. Amina.